Chanjo ya Paka: Tusiikimbie Sindano, na Tusinyamazishwe



Leo tumeweka gauni na hina pembeni. Tunataka kusema juu ya paka, na tutasema kwa ukali kidogo, mtuwie radhi.

Kwenye magrupu yetu ya WhatsApp zinazunguka sauti za akina dada wanaolia. Paka kachanjwa asubuhi, jioni uso umevimba. Mwingine paka wake kalala siku mbili hali chakula. Kila sauti inamalizia kwa maneno yale yale: msichanje paka zenu, chanjo zinaua. Chini yake wanakuja wanaocheka: jamani, si paka tu huyo?

Sisi tunasema pande zote mbili zimekosea. Anayesema chanjo ni sumu anahatarisha watoto wetu. Na anayesema ni paka tu, ndiye aliyemfanya yule wa kwanza asadikiwe.

Madhara yapo, tuyaseme

Paka wengi wakichanjwa hawapati lolote. Wengine wanapata homa ndogo, wanalala sana, hawana hamu ya kula, na pale palipochomwa panauma au panavimba kidogo. Hayo huisha kwa siku moja au mbili. Yakizidi hapo, mrudishe kwa daktari wa wanyama.

Mzio mkali ni jambo jingine. Huja ndani ya dakika chache au saa chache: uso kuvimba, kujikuna sana, kutapika, kuharisha, kuhema kwa shida, fizi kupauka, mwisho kuanguka. Hapo usingoje asubuhi, wala usimpe dawa ya binadamu. Panadol kwa paka ni sumu, hata kidonge kimoja kinaweza kumuua. Mkimbize kwa daktari saa hiyo hiyo, kwani mzio una dawa yake ikiwahiwa.

Je, ni mara ngapi? Huko Marekani walifuatilia karibu paka nusu milioni waliochanjwa kati ya mwaka 2002 na 2005. Katika kila paka 10,000, takriban 52 ndio waliorekodiwa kupata tatizo ndani ya siku 30, na kubwa lililoonekana lilikuwa uchovu. Pia waligundua kwamba paka akichomwa chanjo nyingi kwa siku moja, uwezekano wa kudhurika unaongezeka. Hilo lishike, tutalirudia.

Kuna na la tatu, ambalo ni nadra lakini zito. Mwaka 1991 madaktari wa Marekani waliandika juu ya uvimbe wa saratani unaoota pale paka alipochomwa sindano. Ni paka mmoja katika maelfu, ila akiupata ni vita. Ndiyo maana madaktari wengi siku hizi hawachomi katikati ya mabega. Wanachoma chini mguuni au mkiani, ili uvimbe ukitokea uweze kukatwa. Kanuni yao ni nyepesi kukumbuka: uvimbe ukikaa zaidi ya miezi 3, au ukizidi sentimita 2, au ukiendelea kukua mwezi 1 baada ya sindano, upimwe.

Haya si siri za dunia. Basi kwa nini wengi wetu hatujawahi kuambiwa hata moja?

Na bado tunachanja

Dada, kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yake. Paka anaambukizwa, na paka ndiye anayelala kitandani na watoto. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na kati ya kila watu 10 wanaokufa, 4 ni watoto chini ya miaka 15.

Wala tusiende mbali. Pemba walianza kuchanja mbwa kwa wingi mwaka 2010, ugonjwa ukatoweka mwaka 2014. Mwaka 2016 ukarudi. Wakachanja tena hadi ukakatika mwaka 2018. Kisiwa kimoja, bahari pande zote, na bado ugonjwa ulipata njia ya kuingia. Halafu mtu anakaa kibarazani anatuambia tuache chanjo!

Na kwa paka wenyewe kuna ule ugonjwa wa kutapika na kuharisha unaofagia watoto wa paka nyumba nzima, na mafua makali yanayowaharibu macho. Paka wetu hawafungiwi ndani. Wanapita madirishani, wanapanda mapaa, wanagombana vichochoroni, wanangoja vichwa vya samaki sokoni. Kusema wangu hatoki ni kujidanganya.

Wapo watakaosema Mungu ndiye mlinzi. Ndiye, bila shaka. Lakini tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Na sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Paka ni amana. Amana huilindi kwa kumnyima kinga, na wala huilindi kwa kumtupa mezani achomwe bila kuulizwa lolote.

Hasira yetu iko hapa

Sisi ni watu wa cherehani. Bibi harusi akija, hatugusi mkasi kabla ya kupima. Tunamuuliza harusi lini, atavaa kiatu gani, mara ya mwisho alishonewa wapi na kilimbana wapi. Hayo ni kwa ajili ya kitambaa, ambacho kikiharibika kinanunuliwa kingine.

Sasa tazama paka anavyochanjwa sehemu nyingine. Haulizwi umri. Haulizwi kama anaumwa, kama ana mimba, kama chanjo iliyopita ilimdhuru. Chupa imetoka wapi, imekaa kwenye baridi au kwenye mkoba juani, hakuna anayesema, na chanjo inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Anachomwa, unalipa, unaondoka. Ukiuliza unaambiwa huna elimu hiyo. Usiku paka akivimba, simu haipokelewi.

Tunaambiwa eti watu wakielezwa madhara watakimbia. Sivyo! Watu wanakimbia wanapofichwa. Mwanamke aliyeambiwa mapema kwamba paka atalala siku moja, akimwona kalala hatashtuka. Asiyeambiwa atadhani kauawa, atarekodi sauti yake huku akilia, na mpaka Ijumaa watu mia tano wameshaamua kutochanja. Ile sauti tunayoilaani imezaliwa na ule ukimya.

Tunachodai

Dada, ukimpeleka paka, usione haya. Dai haya:

1. Apimwe kwanza. Paka mgonjwa angoje apone, na mwenye mimba aelezwe wazi kwa daktari.
2. Uambiwe anachomwa chanjo gani na mwilini wapi.
3. Kama kuna chanjo zaidi ya moja, uliza kama zinaweza kutenganishwa kwa wiki chache, hasa kwa aliyewahi kudhurika.
4. Ukae hapo hapo nusu saa kabla ya kuondoka.
5. Uandikiwe kadi: tarehe, jina la chanjo, na lolote lililotokea.
6. Uliza kila chanjo inarudiwa baada ya muda gani. Kwa paka mkubwa, zipo zinazotosha miaka 3.

Hakuna hata moja hapo linalohitaji mashine ya Ulaya. Ni maswali, karatasi na subira. Anayekataa hayo, mtafute mwingine.

Na wewe bibi harusi wetu, sikia. Usimchanje paka wiki ya harusi. Nyumba imejaa wageni, milango wazi, ngoma juu, udi kila chumba. Paka akijificha chini ya kitanda anahema vibaya, nani atamwona? Fanya wiki tatu kabla, ukiwa na macho ya kumtazama. Na kama unahama naye kwenda kwa mumeo, ile kadi itie kwenye begi pamoja na vyeti vyako. Mama mkwe akiuliza paka huyu ni salama kwa wajukuu, umpe jibu la maandishi.

Kama paka wako alidhurika, usitume sauti ya vitisho. Rudi kwa aliyemchanja, mwambie, aandike. Na akikuambia "ni paka tu", mjibu kwamba huyo paka tu ana Mola wake, na sote tutaulizwa.

Allah atujaalie huruma kwa viumbe Vyake na atulindie watoto wetu. Amin.