Ripoti ya soko na kitabu cha ghala vikipishana, tuanze na mizani

KILA anayenunua mahindi Handeni au mkonge Korogwe anaufahamu ugomvi huu. Ripoti ya wiki inasema hivi, kitabu cha ghala kinasema vile, na kabla risiti hata moja haijafunguliwa, neno wizi limekwisha kutamkwa. Mkulima anamshuku mnunuzi, mnunuzi anamshuku mwendesha ghala, na mwendesha ghala naye anamtupia lawama karani wa ushuru.

Safu hii inaona kuwa pande zote zinakosea mahali pamoja. Wizi upo, na hakuna anayeukana. Lakini sehemu ya pengo kati ya ripoti na ghala huweza kuwa ni vitu viwili tofauti vilivyohesabiwa kwa jina moja. Asiyetenganisha sehemu hiyo kwanza hawezi kumkamata mwizi, kwa kuwa mwizi hujificha humo humo.

Jambo hili lina fedha ndani yake. Tangu Sheria ya Stakabadhi za Ghala Na. 10 ya mwaka 2005, karatasi inayotolewa ghalani ni mali. Mwenye nayo anaweza kuiuza au kuiweka dhamana benki akapata mkopo. Thamani ya karatasi hiyo inatokana na kitu kimoja tu, nacho ni kuaminika kwa idadi iliyoandikwa juu yake. Idadi ikianza kutiliwa shaka, benki inapunguza mkopo, na mwenye magunia ishirini anaumia kabla ya mwenye elfu mbili.

Tuanze na kipimo. Wizara inayohusika na biashara hutangaza bei ya jumla ya mahindi kwa gunia la kilo 100. Shambani gunia hupimwa kwa debe. Gunia la kawaida ni debe sita, ambazo kwa hesabu ya mazoea hukaribia kilo 100. Lumbesa ni debe saba au zaidi, ingawa Sheria ya Vipimo inakataza mazao kufungashwa zaidi ya kilo 100. Tuseme ripoti inasema Sh. 70,000 na mnunuzi analipa Sh. 70,000 hiyo hiyo kwa lumbesa ya debe saba. Kwenye karatasi bei zimelingana. Kwenye mizani mkulima amepata Sh. 60,000 kwa kila gunia halali. Hali kadhalika, lumbesa 60 zilizoandikwa njiani zitakuwa magunia 70 zikifika ghalani na kufungashwa upya. Hapo magunia kumi yameongezeka bila mtu kuvuna.

Korogwe kwenye mkonge tatizo ni lile lile kwa sura nyingine. Majani yanayoingia kiwandani hupimwa kwa tani, na singa zinazotoka hufungwa kwenye marobota ya kilo 250. Singa ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani, kwa hiyo tani 100 za majani hutoa kama tani 4 za singa, yaani marobota 16. Mwekezaji mdogo anayesoma "tani" bila kuuliza tani za nini atadhani shamba limeporwa.

Pili ni unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mahindi yaliyopimwa sokoni yakiwa na unyevu wa asilimia 18, yakikaushwa hadi kiwango hicho, kilo 100 zinabaki kama 94.8. Kilo tano na ushei zimekwenda na jua. Ripoti iliyochukua uzito wa sokoni na kitabu kilichochukua uzito wa baada ya kukausha haviwezi kulingana hata watunzaji wake wakiwa watakatifu.

Tatu ni saa. Lori linaposhusha mzigo saa 8 usiku wa kuamkia Jumapili, karani huandika "Jumamosi usiku", kwa sababu kwake siku haijaisha mpaka kukuche. Kompyuta ya ghalani inabadili tarehe saa 6 usiku, kwa hiyo kwake hiyo ni Jumapili. Kama ripoti inafungwa Jumamosi, lori moja limeangukia wiki mbili tofauti. Anayelinganisha wiki moja moja ataona upungufu wiki hii na ziada wiki ijayo, naye atapiga kelele mara mbili juu ya mzigo ambao haukupotea.

Nne ni mipaka na mageti. Takwimu za mazao yaliyotoka wilayani mara nyingi hutokana na risiti za ushuru. Lakini bajeti ya mwaka 2017/18 ilisamehe ushuru kwa mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Msamaha huo ni nafuu kwa mkulima mdogo, ila mzigo usio na risiti hauonekani kwenye hesabu ya risiti. Aidha, anayelinganisha Handeni ya leo na ya miaka ya 1990 akumbuke kuwa Kilindi ilikuwa sehemu ya Handeni hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2002. Na leo Handeni ina halmashauri ya wilaya na ya mji, Korogwe vivyo hivyo. Ukisikia "mahindi ya Korogwe", uliza Korogwe ipi.

Tano ni mahali bei ilipochukuliwa. Bei ya jumla ya Tanga mjini imekwisha kubeba nauli, upakiaji, ushuru na faida ya dalali. Bei ya shambani Mkata au Kabuku haijabeba hayo. Kuziweka mezani pamoja na kudai tofauti yote ni unyonyaji ni kusahau kuwa mahindi hayatembei yenyewe.

Ugonjwa huu si wa magunia peke yake. Siku hizi wapo wanaotafuta mtaji kwa kuonyesha idadi ya watu wanaotembelea tovuti zao za biashara. Ripoti ya Google Analytics inaonyesha idadi moja. Takwimu hizo hizo zikipelekwa BigQuery, ambayo nayo wataalamu huiita ghala la data, zinatoa idadi nyingine. Sababu ni ndugu wa zile tulizotaja. Ripoti hukadiria idadi ya watumiaji, wakati ghala linatunza matukio moja moja. Ripoti huweza kuficha makundi madogo ili watu wasitambulike, kama geti lisivyoona mzigo wa chini ya tani moja. Ripoti hufuata saa aliyoichagua mwenye tovuti, wakati ghala huandika tukio kwa saa za kimataifa, zilizo nyuma ya zetu kwa saa 3. Na takwimu za jana huweza kuendelea kubadilika hadi siku tatu. Mwekezaji akioneshwa idadi kama hiyo, aulize kwanza kilichohesabiwa ni watu, ziara au matukio.

Wapo watakaosema maelezo haya ni kichaka kizuri kwa wezi: kila kilo itakayopotea itaambiwa imekauka. Hoja hiyo ni nzito. Jibu lake ni kwamba kila sababu lazima ije na namba yake, na namba hizo zijumlishwe. Tuchukue mfano. Mnunuzi amepeleka kilo 14,000 zenye unyevu wa asilimia 18, na ghala linaonyesha kilo 12,900 zilizokauka hadi asilimia 13.5. Pengo ni kilo 1,100. Ukaushaji unaeleza kilo 728. Zinabaki 372. Mwendesha ghala hana sababu ya kutukanwa kwa zile 728, na hana pa kujificha kwa hizi 372. Aliyekuja akidai 1,100 angejibiwa kwa neno "unyevu" na kurudi nyumbani. Anayedai 372 anadai kitu kisicho na jibu rahisi.

Namna ya kufika hapo haihitaji mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Usilinganishe mwezi mzima kwa mkupuo. Chagua siku moja, kisha lori moja. Weka pamoja karatasi ya mizani, kipimo cha unyevu, risiti ya ushuru kama ipo, ukurasa wa kitabu cha ghala na stakabadhi. Geuza kila kitu kuwa kilo. Andika tarehe na saa ya kila karatasi. Mahali ambapo namba inabadilika kutoka karatasi moja hadi nyingine ndipo penye jibu, liwe la halali au la haramu. Ukilipata kwa lori moja, malori mengine yatafuata.

Safu hii inapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila ripoti ya soko inayobandikwa ofisini au kutumwa kwa simu iwe na mstari mmoja chini yake unaotaja kipimo, mahali, siku ya kufunga hesabu na hali ya unyevu. Mstari huo hauna gharama. Pili, vyama vya ushirika na wafanyabiashara wa Handeni na Korogwe wakatae kuandika neno "gunia" peke yake kwenye kitabu, waandike kilo. Wakala wa Vipimo hawezi kusimama kila njia panda, lakini kitabu kinaweza. Tatu, mwenye ghala atoe kila wiki pengo lililobaki baada ya maelezo yote, hata likiwa dogo. Ghala lisilo na pengo kabisa msimu mzima nalo litiliwe shaka, maana mahindi halisi hukauka, huliwa na wadudu na humwagika.

Enzi za Shirika la Usagishaji la Taifa (NMC) bei ilipangwa na serikali na mkulima hakuwa na la kulinganisha. Soko huria limempa haki ya kuuliza. Haki hiyo inakuwa na nguvu pale tu anapokuja dukani, ghalani au benki akiwa na kilo mkononi badala ya tuhuma. Msimu ujao, kabla ya kusaini stakabadhi yoyote, soma kwanza ni kilo za nini, zilipimwa lini na zilipimwa wapi.