Kibali kabla ya msingi

Mzazi wa Morotonga akipata fedha za tofali, humtafuta fundi kwanza. Kibali cha Halmashauri ya Wilaya ya Serengeti hukikumbuka ukuta umekwisha simama. Twajua ada huuma. Kubomoa huuma zaidi.

Fundi naye si lazima awe mkandarasi. Sheria ya mwaka 1997 iliunda Bodi ya Usajili wa Makandarasi, nayo huwapanga wa majengo katika madaraja 7. Anayejiita mkandarasi na aonyeshe cheti.

Kisha andikianeni. Deni la muda tumeamriwa kuliandika, Suratul Baqara aya ya 282. Nyumba tunaiachia maneno ya mdomo! Nakala ibaki nyumbani, mke ajue ilipo, ili akifiwa asikanwe fedha zilizokwisha pokelewa.