Shirika Bila Wafanyakazi si Shirika

Wahenga walisema umoja ni nguvu. Hawakutuambia nguvu hiyo ni ya nani. Swali hilo twaliuliza leo kwa kutazama viwanja vya mashindano ya farasi nchini Marekani.

Farasi hawezi kushindana kila siku. Viwanja viwili jirani vikifunguliwa siku moja, farasi hawatoshi, na wapandaji na watazamaji hugawanyika. Kwa hiyo hapana budi kupeana zamu. Huko New York, mwaka 1955, viwanja viliwekwa chini ya chama kimoja kisichogawana faida. Ikawa desturi ya miaka mingi: Aqueduct wakati wa baridi kali, Saratoga kiangazi, na Belmont kati ya majira hayo. Farasi wale wale walihama pamoja na zamu, na watunzaji wao pia. Belmont kilipokuwa kikijengwa upya, mbio zake kubwa za mwaka 2024 zilifanyika Saratoga. Ushirikiano wa namna hiyo twausifu.

Lakini tazameni California. Kandokando ya ghuba ya San Francisco, viwanja vya Bay Meadows na Golden Gate Fields vilipokezana siku kwa miaka mingi. Bay Meadows kilifungwa mwaka 2008. Kikabaki Golden Gate Fields, mali ya kampuni ile ile iliyomiliki Santa Anita, mamia ya maili upande wa kusini. Julai 2023 kampuni ilitangaza kukifunga, ikitaka farasi wahamie kusini kuongeza idadi huko. Tarehe 9 Juni 2024 kiwanja hicho, kilichofunguliwa mwaka 1941, kilifanya mashindano yake ya mwisho.

Tutaambiwa kwamba farasi wamepungua. Ni kweli. Farasi wa mbio waliozaliwa Amerika Kaskazini mwaka 1986 walizidi 50,000. Siku hizi hawafiki 20,000 kwa mwaka. Hatudai kwamba kila kiwanja kidumu milele.

Twauliza habari za mtunza farasi. Huamka kabla ya alfajiri, husafisha zizi, humwosha mnyama na kumtembeza. Wengi wao ni wahamiaji kutoka Mexico na Amerika ya Kati, nao hulala katika vyumba vilivyo jirani na mazizi. Farasi hupakiwa ndani ya lori na kesho yake yuko zizi jingine. Mtunzaji ana watoto shuleni, na kiwanja kikifungwa hupoteza kazi na makao kwa pamoja.

Ndugu wafanyakazi, somo hili si la farasi peke yake. Viwanda viwili vikiunganishwa, au mashirika mawili yakipewa meneja mmoja, hesabu ya kwanza huwa ya mitambo na ya faida. Twasema hesabu ya watu itangulie. Chama cha wafanyakazi kiitwe mezani kabla ya uamuzi, si baada ya tangazo. Na anayehamisha kazi aonyeshe kwanza mahali atakapomhamishia mfanyakazi.