Kifafa: Dawa Kwanza, Kisu Baadaye

Vijijini kwetu kandokando ya Mlima Meru wapo vijana wenye kifafa ambao hawatumwi mferejini wala dukani, na wengine hata shuleni hawapelekwi. Kijana akianguka, watu hukimbia, maana waogopa udenda wake. Jueni basi kwamba udenda hauambukizi kifafa. Ni ugonjwa wa ubongo. Mwondoeni karibu na moto, mlazeni ubavu, wala msimtie kitu kinywani. Zikipita dakika 5 angali anatetemeka, mpelekeni hospitali upesi.

Je, dawa ipo? Ipo. Kule Mahenge, mwaka 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki ya wagonjwa waliokuwa wakitengwa na jamaa zao. Wengi walipata nafuu kwa vidonge tu. Shirika la Afya Duniani lasema wagonjwa hata 70 katika 100 waweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa vema. Lakini vidonge sharti vimezwe kila siku. Anayeviacha kwa kuwa ameona nafuu hujitafutia hatari kubwa.

Na yule ambaye amejaribu dawa mbili zifaazo, akazimeza kwa uaminifu, naye bado aanguka? Huyo aulize habari za kupasuliwa. Si jambo la Ulaya tu. Limefanyika hata Mbale, Uganda, katika hospitali ya CURE. Madaktari hupima umeme wa ubongo na kuupiga picha, watafute mahali kifafa kinapoanzia. Pakionekana, na pasipokuwa mahali pa kuongoza usemi au mikono, huweza kupaondoa. Wengine hupona kabisa, wengine hupata nafuu tu, na vidonge huendelea kwa muda. Hatari nazo zipo: kutoka damu, au kupungukiwa kumbukumbu.

Kwa hiyo ulizeni yote kabla ya kutia sahihi. Mgonjwa akiwa mtu mzima, neno la mwisho ni lake. Asisukumwe na aibu ya ukoo, maana kichwa kitakachofunguliwa ni chake.

Anzeni na daftari. Andikeni kila siku aliyoanguka, saa, na jinsi ilivyoanza. Kisha nendeni nalo hospitali ya Mount Meru, pamoja na mtu aliyeona kwa macho. Mgonjwa mwenyewe hakumbuki. Daktari atawategemea ninyi.