Dondakoo Si Ugonjwa wa Koo Peke Yake

Jina la ugonjwa laweza kumpoteza mtu. Ugonjwa tuuitao dondakoo umepewa jina linaloelekeza macho yetu kooni, na ni kweli kwamba huko ndiko unakoulia watu: utando wa kijivu hutanda, njia ya pumzi huziba, na sumu ya viini vyake huingia katika damu na kuudhuru moyo na mishipa ya fahamu. Lakini viini hivyo hivyo huweza kukaa katika kidonda cha mguu wa mtoto asiye na homa, asiyekohoa, na anayecheza mpira kila jioni.

Jambo hili si geni katika nchi za joto. Mwaka 1970 jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha uchunguzi wa Bezjak na Farsey juu ya vidonda vya ngozi vya watoto wa Uganda, na viini vya dondakoo vilikutwa humo. Kabla ya chanjo kuenea, vidonda vya namna hiyo viliwapa watoto wengi kinga ya kimyakimya. Kwa hiyo wazee wetu waliishi na kiini hiki bila ya kukijua, kwa kuwa hakuna aliyewafundisha kukitafuta mguuni.

Leo kinga yetu hutoka katika sindano. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza mwaka 1975, na tangu mwaka 2009 mtoto hupata chanjo ya dondakoo ndani ya ile inayokinga magonjwa matano, akiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14. Hii ni kazi kubwa, na anayeibeza hajapata kumwona mtoto akipigania pumzi. Hata hivyo, hapana budi tuelewe chanjo hii inafanya nini na haifanyi nini. Inaivunja nguvu sumu ya kiini. Haimzuii mtu aliyechanjwa kukichukua kiini chenyewe kooni mwake au katika kidonda chake. Aidha, kinga hiyo hupungua kadiri miaka inavyopita. Ndiyo maana mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilishauri dozi 3 za kuiimarisha, utotoni na katika ujana.

Matokeo yake ni haya: panapochanjwa watu wengi, wagonjwa wa koo hupungua mno, lakini kiini chaweza kubaki kimejificha ngozini. Hukaa humo kikimngoja mtoto mmoja ambaye mama yake hakufika kliniki.

Wako watakaosema kwamba hizi ni hofu za vitabuni. Na tuwatazame basi wenye maabara nyingi kuliko sisi. Huko Seattle, Marekani, kati ya mwaka 1972 na 1982, yalipatikana maambukizi yapatayo 1,100 miongoni mwa walevi na watu wasio na makazi, na sehemu kubwa sana yalikuwa ya ngozi. Ilipofika mwaka 1980, nchi hiyo iliiondoa dondakoo ya ngozi katika orodha ya magonjwa yanayoripotiwa kitaifa. Mwaka 2019 ikarudisha taarifa za kiini chenye sumu popote kinapopatikana mwilini. Mwaka 2015 Uswisi na Ujerumani zilikuta vidonda vya aina hii kwa wakimbizi kutoka kaskazini-mashariki ya Afrika. Nasi tuliona jinsi ugonjwa wa koo ulivyoua watoto wengi Nijeria kuanzia mwishoni mwa mwaka 2022.

Sasa turudi nyumbani. Mkata mkonge huchomwa na miiba; mvuvi wa Pangani hukatwa na matumbawe; mtoto wa Mkinga hujikuna upele hadi ukatunga usaha. Zahanati humsafisha, humpa dawa, na daftarini huandikwa neno moja tu: kidonda. Mwandishi wa makala haya alipata kufungua daftari la namna hiyo katika zahanati moja ya pwani, akakuta neno hilo limeandikwa ukurasa mzima, mstari baada ya mstari, bila ya kusema kidonda cha nani kilipona na cha nani kilirudi. Daftari kama hilo haliwezi kutwambia kwamba ugonjwa haupo. Linatwambia tu kwamba hakuna aliyeutafuta, na tofauti ya maneno hayo mawili ni maisha ya mtoto.

Ni kweli kwamba hatuna uwezo wa kupima kila kidonda, wala hakuna anayedai hivyo. Darubini peke yake haitoshi. Kiini lazima kioteshwe maabara, kisha kipimwe kama kinatoa sumu. Kwa hiyo na tuchague. Kidonda kisichopona kwa majuma kadhaa, chenye kingo zilizochongeka na utando wa kijivu, kichukuliwe sampuli kabla mgonjwa hajapewa dawa. Hospitali chache, mathalani Bombo na Muheza, ziwe vituo vya kuangalia kwa niaba ya mkoa mzima. Kikipatikana kiini chenye sumu, Bwana Afya aende nyumbani kwa mgonjwa, azikague kadi za chanjo za watoto wote, na wakaao naye wapimwe na kupewa dawa. Na majibu ya maabara yarudi zahanati, kwani mganga asiyepata jibu hatapeleka sampuli ya pili.

Walimu nao wana sehemu yao. Mwalimu humwona mtoto siku tano kwa juma; mganga humwona mara moja kwa mwaka, pengine asimwone kabisa. Mtoto mwenye kidonda cha muda mrefu asifukuzwe shule wala asifichwe. Apelekwe zahanati pamoja na kadi yake.

Tukumbuke kwamba ndui haikushindwa kwa sindano peke yake. Ilishindwa kwa kutafutwa nyumba kwa nyumba, mpaka mgonjwa wa mwisho wa ndui ya asili, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, alipopatikana Merka, Somalia, mwaka 1977. Nasi mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, tulithibitisha kwamba mwananchi akielezwa sababu hufanya kazi. Tumechanja, na tuendelee kuchanja. Lakini mlinzi aliyefunga mlango hana haki ya kulala kabla ya kuzunguka nyumba.