Kivu: Kwa nini jenereta inaua ndani ya nyumba, na namna ya kuizuia

Katika miji ya Goma na Bukavu, jenereta ndogo ya nyumbani, ile ambayo wakaaji wengi wanaita tu « groupe », si tena chombo cha matajiri. Nchini Kongo, karibu mtu mmoja tu kati ya watano ndiye anayepata umeme. Na hata yule aliyeunganishwa hana uhakika wa kesho. Mwezi Mei 2021, lava ya volkano Nyiragongo ilikata nyaya mjini Goma. Mwishoni mwa Januari 2025, wakati wa mapigano ya kuuteka mji huo, mitaa mingi ilikaa siku kadhaa bila maji wala umeme. Kila mara, wenye jenereta waliziwasha ili kupata mwanga na kuchaji simu.

Shida kubwa ni mahali inapowekwa. Mashine ikiachwa nje usiku, mwenye nyumba anaogopa wezi. Mvua ikinyesha, anaogopa iharibike. Viwanja ni vidogo, na jirani analalamikia kelele. Basi jenereta inaingizwa kwenye korido, jikoni ao dukani, mlango unafungwa, na familia inalala.

Hewa isiyo na harufu

Moshi wa jenereta una gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haionekani na haina harufu. Ikiingia mwilini, inashika damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili unakosa pumzi hata kama mtu anaendelea kupumua.

Wakaaji wa Goma wanajua mazuku, ile gesi ya volkano inayoua watu na mifugo katika mabonde. Lakini kuna tofauti. Mazuku ni nzito na inakaa chini, ndiyo maana watu wanakimbilia mahali pa juu. Gesi ya jenereta inachanganyika na hewa ya chumba kizima. Kulala juu ya kitanda kirefu hakusaidii kitu, wala kufungua dirisha moja.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika na kulegea, na wengi wanadhani ni malaria. Watu wawili ao watatu wa nyumba moja wakijisikia vile kwa pamoja huku mashine inanguruma, watoke nje mara moja, na wapelekwe hospitali ambako wanaweza kupewa oksijeni. Taasisi ya afya ya Marekani, CDC, inashauri jenereta iwekwe zaidi ya mita 6 kutoka nyumba, mbali na milango na madirisha.

Mwinuko wa Kivu

Goma na Bukavu ziko karibu mita 1.500 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi. Injini ya esanse inapoteza karibu asilimia 3,5 ya nguvu kwa kila mita 300, ikiwa ni karibu asilimia 17 katika miji hii. Mashine iliyoandikwa wati 650 haitazifikisha. Anayeipakia friji, pasi na televisheni kwa mara moja anaichosha. Tena, karabureta isiyorekebishwa kwa mwinuko huu inatumia esanse nyingi kupita hewa iliyopo, na moshi wenye sumu unaongezeka.

Nyaya na esanse

Hatari nyingine inamfikia mtu asiye wa nyumba ile. Kuna wanaochomeka jenereta katika priz ya ukutani ili iwashe nyumba yote. Umeme huo unarudi kwenye nyaya za barabarani, unapita kwenye transfoma na kupandishwa hadi maelfu ya volti. Fundi anayetengeneza waya akiamini hauna moto anaweza kufa. Dawa yake ni kifaa ambacho mafundi wanaita inverseur, kinachotenga nyumba na mtandao kabla mashine haijawashwa.

Kuhusu esanse, wengi wanainunua kwa akina Kadhafi wa barabarani, katika chupa na bidoni. Kuihifadhi ndani, karibu na brazero ao mshumaa, katika mitaa ya nyumba za mbao zilizosongamana, ni kuhatarisha avenue nzima. Mashine izimwe na ipoe karibu dakika 15 kabla ya kuongezwa.

Matunzo yenyewe si ghali. Jenereta ndogo za viharusi viwili zinataka mafuta ya injini yachanganywe na esanse. Nyingi zinahitaji mililita 20 kwa lita moja. Zile za viharusi vinne, mafuta yake yabadilishwe baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100. Vumbi la Goma linaziba chujio la hewa upesi, kwa hiyo lisafishwe mara nyingi.

Lakini ushauri huu hautafuatwa kama hofu ya wezi haijajibiwa. Mchomeleaji wa mtaani anaweza kutengeneza kizimba cha vyuma chenye paa na pande zilizo wazi, kilichofungwa kwa mnyororo. Majirani wawili ao watatu wanaweza kugawana gharama ya kizimba kimoja. Na wauzaji, ambao mashine zao mara nyingi zinakuja na maelezo ya Kiingereza ao Kifaransa tu, wangeweza kumweleza mnunuzi kwa Kiswahili jambo moja kabla hajalipa: mashine hii hailali ndani na watu.