Risala ya Wakazi wa Lemon Gaba Kuhusu Redio ya Mtaa

Mheshimiwa Waziri wa Habari wa Jamhuri ya Sudan Kusini,
Waheshimiwa wajumbe wa Mamlaka ya Vyombo vya Habari,

Sisi wakazi wa Lemon Gaba, Juba, tunaozungumza Kiswahili sokoni na majumbani, wengi wetu tukiwa tumerudi nacho kutoka kambi ya Kakuma nchini Kenya na kambi za Uganda, tunawasilisha malalamiko yetu. Tumesubiri kwa utulivu, na tunajua uwezo wa kuyatatua mnao.

1. Hatuna redio ya mtaani kwetu. Redio za mjini tunazisikiliza na kuzishukuru: Bakhita ya Kanisa Katoliki na Miraya ya Umoja wa Mataifa, zote zilizoanza mwaka 2006. Lakini zinahudumia eneo kubwa mno kuweza kututangazia mtoto aliyepotea jioni au kisima kilichoharibika. Kukiwa na msiba, tunatuma boda boda mlango kwa mlango, na wengine hupata habari maziko yakiwa yamekwisha. Tunaomba tupewe masafa kwa mtambo mdogo utakaofika hapa na mitaa jirani tu.

2. Tulipoulizia leseni, ofisi moja ilituelekeza ya pili, na ya pili ikaturudisha ya kwanza. Hakuna aliyetukatalia, wala aliyetupa fomu. Tunaomba masharti na ada ya redio ya jamii vibandikwe hadharani, pamoja na idadi ya siku ambazo ndani yake mwombaji atakuwa amejibiwa.

3. Tunaogopa kujenga kitu kitakachofungwa asubuhi moja. Mwezi Agosti 2014, baada ya habari kuhusu mapigano ya Jimbo la Unity, maofisa wa usalama waliifunga Bakhita. Novemba 2016 ikawa zamu ya Eye Radio, redio nyingine ya Juba, iliyonyamazishwa kwa takriban wiki moja baada ya kurusha sauti ya kiongozi wa waasi, Riek Machar. Waheshimiwa, hatuji kufufua kesi hizo. Ila wazee wetu waliochangia shilingi na pauni zao kwa ajili ya redio hii wanauliza, na wana haki ya kuuliza: ikiwa redio yenye Kanisa nyuma yake ilifungwa, ya kwetu italindwa na nani? Hofu hii si ya Juba peke yake. Homa Bay, nchini Kenya, ilipata redio ya jamii mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO, ikitangaza kwa Kijaluo. Serikali iliifunga mwaka 1984, nayo haikuwa imekosa wasikilizaji. Tunaomba redio yoyote isifungwe bila amri ya maandishi kutoka kwa Mamlaka, yenye kutaja kosa, na bila wahusika kusikilizwa kwanza. Makosa ya mtangazaji mmoja yasahihishwe hewani. Mtaa mzima usiadhibiwe kwa ajili yake.

4. Lugha yetu haisikiki vya kutosha. Sudan Radio Service, iliyozaa Eye Radio, ilianza mwaka 2003 ikitayarishiwa Nairobi, mji wa Kiswahili, lakini ikatangaza kwa Kiarabu, Kiingereza na lugha za kwetu kama Kidinka, Kinuer na Kibari. Wakati ule ilikuwa sawa, maana wasikilizaji waliokusudiwa walikuwa huku. Tangu nchi yetu ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, ambako Kiswahili kinazungumzwa sana, hali si ile tena. Tunaomba Shirika la Utangazaji la taifa litenge nusu saa ya Kiswahili kila siku, hata kabla redio yetu haijapata leseni.

5. Gharama za kuendesha redio zinatushinda. Jenereta hunywa dizeli usiku na mchana, na wafadhili hawadumu: Sudan Radio Service ilianza kwa fedha za USAID, shirika la misaada ambalo Marekani ililivunja mwaka 2025. Hatuombi mishahara. Kiwanja tutatafuta wenyewe, na vijana wa kujitolea wapo. Tunaomba ushuru uondolewe kwenye paneli za sola, betri na mtambo wa kurushia matangazo vitakavyoingizwa kwa ajili ya redio za jamii.

Tunaomba majibu yaletwe kwa maandishi kupitia kwa chifu wetu, ili yasomwe mbele ya wakazi wote.

Wenu watiifu,
Wakazi wa Lemon Gaba, Juba